Jino Nililokataa Ling'olewe

Nilirudi Luanda Kotieno, kando ya Ziwa Victoria, baada ya miaka mingi ya kutangatanga, nikapokewa na mama mkubwa, dada ya marehemu mama yangu. Nikawa nashona nyavu zilizoraruka ufuoni. Hapo ndipo mtoto mmoja wa mbwa, wa miezi miwili hivi, alipoanza kunifuata kila niendako.

Asubuhi moja wavuvi walikuwa wakivuta mtumbwi nchi kavu, naye yuko mbele yao analamba magamba. Ncha ya mtumbwi ikampiga. Taya la chini likabaki linaning'inia.

Nikafanya kazi niijuayo. Nilimfunga mdomo kwa uzi wa nyavu, fundo juu ya fundo, nikaacha upenyo wa kupitisha uji.

"Mzee, huyo ni mbwa au gunia la omena?" mvuvi mmoja akauliza. Wenzake, waliokuwa wakianika dagaa hao, wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Wiki tatu baadaye nikakata uzi. Mfupa ulikuwa umeunga, ila taya lilikuwa limekwenda upande. Chonge la chini, jembamba kama mwiba wa samaki, lilimchoma kaakaa kila alipofunga mdomo.

Mama mkubwa alimpanua mdomo akatazama. Yeye hana meno sita ya mbele ya chini. Aling'olewa akiwa msichana, kwa desturi ya wazee wetu, kati ya wasichana wa mwisho kufanyiwa hivyo kijijini kwao.

"Hilo ling'olewe leo," akasema. "Mimi nilishikwa kichwa, chuma kikaingia, kwisha. Na kwa kula mahindi ya kuchoma bado nawashinda."

"Mama, hayo ni mambo ya kale. Hili ni jino la utotoni. Litaanguka lenyewe."

"Haya, Baba. Wewe ndiye uliyesoma."

Kweli, baada ya miezi michache likaanguka, nikamwonyesha mama mkubwa kiganjani kama mshindi. 

Kisha jino la ukubwani likaota palepale, nene, likielekea ndani vilevile. Mama mkubwa akawa anachemsha mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki minofu ikishaondolewa, anachambua nyama kwa vidole na kuiponda. Mbwa alikula kichwa kikiwa upande. Siku moja uji ukamtoka puani. Halafu ikaja harufu.

Nikampeleka Kisumu, kwa daktari wa mifugo jirani na mtaa wa Nyalenda. Alimtia maji ya dawa kwenye tundu ambalo jino lilikuwa limetoboa kaakaani, yakatokea puani pamoja na usaha.

"La utotoni nalo lilichoma hapa?" akauliza.

"Ndiyo, daktari."

"Mkaliacha?"

Niliitikia kwa kichwa. Akanieleza taratibu, bila kunigombeza, kwamba jino lile lilikuwa limelishikilia taya lisikue sawa. Lingeng'olewa mapema, pengine taya lingejirudi. Na ule uzi niliufunga vibaya, mfupa ukaunga ulivyopinda. Sasa usaha ulikuwa umekula mfupa hadi puani, na mbwa amebaki ngozi tu. Hangestahimili kupasuliwa.

Nilimshika kichwa wakati sindano ya mwisho inaingia. Alikuwa analamba kidole changu, ulimi ukiponyoka upande ule mbovu.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mama mkubwa alikuwa jikoni, sahani ya mbwa iko karibu naye, samaki amekwisha pondwa.

"Ameng'olewa?" akauliza bila kugeuka.

Nikasema hapana. Akageuka, akaona nimerudi mikono mitupu. Aliifunika ile sahani kwa sahani nyingine, akaisukuma chini ya meza.

Kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimehama tena.