Plastiki Isiyoyeyuka

Jirani yangu huwashia jiko la mkaa kwa vipande vya ndoo iliyopasuka. Moshi ule ukinifikia puani nafunga dirisha upesi, kisha nakaa kitandani nikimwaza mdogo wangu. Mniwie radhi, wenzangu, jambo hili sijawahi kumsimulia mtu hadi mwisho.

Nilikulia Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwenye mashamba ya mahindi na karanga. Nilikuwa mtoto wa kushuku kila kitu. Maziwa niliyanusa kabla ya kunywa, na mgeni akinipa pipi nilitaka yeye aonje kwanza. Bibi, mama yake baba, aliniita Polisi.

Mama alijifungua mapacha wa kiume, Kulwa na Doto. Kabla hawajajua kukaa, wote wawili walishikwa na homa na kuharisha. Bibi akawafungua vinywa, akapitisha kidole kwenye fizi, akaona weupe uliovimba chini ya ngozi.

"Meno ya plastiki haya," akasema. "Yasipotolewa yatawamaliza."

Neno lile lilinikaa vibaya. Plastiki niliijua: ndoo, kandambili, mifuko ya dukani. Imeingiaje kwenye fizi za mtoto asiyejua chakula zaidi ya ziwa la mama yake? Nilipomuuliza, Bibi alinijibu kuwa ni ugonjwa wa tangu enzi za mababu. Hapo ndipo nilipozidi kushuku, maana ni yeye huyo huyo aliyezoea kutuambia kuwa utotoni mwake maji waliteka kwa vibuyu na mitungi, plastiki hawajaisikia.

Akaja Nyamizi, mama aliyesifika kwa kazi hiyo, na spoku ya baiskeli iliyonolewa. Mama alimshika Kulwa, uso ameugeuzia ukutani. Mfa maji haachi kutapatapa. Kilio kile sitakieleza. Nyamizi alitoa vijidude vyeupe, laini, akavionyesha kiganjani, na watu wakaguna. Mama akasema mikono imemwishia nguvu, kwa hiyo Doto akaachwa hadi kesho yake.

Vijidude vilitupwa kando ya mafiga. Nikaokota kimoja, nikakiweka juu ya kaa la moto. Plastiki huyeyuka na kudondoka, hata mtoto anajua. Kile kilikauka tu, kikanuka kama ukucha ulioungua. Nikamfuata Mama, nikamnong'oneza.

"Mama, si plastiki. Imenuka mtu."

Akanisukuma nikalale. Lakini alfajiri, Kulwa akiwa bado anatoka damu, aliwabeba wote wawili, mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akashika njia ya zahanati bila kumuaga Bibi. Alirudi jioni. Doto alikuwa hai, amenyweshwa maji ya chumvi na sukari. Kulwa alikuwa amefunikwa kwa khanga.

Msibani walisema meno yalichelewa kutolewa, na wakamtazama Doto kama mtu wanayemuaga. Nyamizi alirudi kumtaka. Mama akakaa mlangoni, mchi wa kinu mapajani. Nilimwogopa Mama siku ile, na nilimpenda kupita kiasi.

Doto hakufa. Alikaa, akatambaa, akaota meno ya mbele. Baadaye, alipokwisha kujua kutembea, yakachomoza ya pembeni, yale ya chonge, na Bibi mwenyewe akapiga vigelegele. Mama akaweka kidole juu ya jino, akalisugua taratibu, kisha akalia. Nilidhani ni furaha. Nikapiga makofi.

Miaka mingi ilipita. Siku moja kliniki, nesi alifungua kinywa cha binti yangu mchanga, akanionyesha weupe kwenye fizi. Akasema ni chonge, linajiandaa tu, lisiguswe. Nilimshukuru, nikatoka nje nikakaa chini. Jino la Doto lilikuwa limeota pale pale Nyamizi alipochimba kwa Kulwa. Siku ile alipolisugua ndipo Mama alipojua kilichotolewa ni nini, na kwamba mikono iliyomshika mtoto ilikuwa yake.