Fuvu la Kabati la Pili

Kila asubuhi mzee anayesafisha makumbusho yetu ya Gutu hupangusa mafuvu ya jamii ya nyani, moja moja, kwa vidole vyake virefu. Akifika kwenye la binadamu, hulihamishia kabati la pili. "Mimi ni mzee wa kanisa," humwambia mkuu wake, Mai Gwatidzo. "Nyani hakunizaa."

Juzi wakaguzi walipofika getini, Mai Gwatidzo, aliyechoka kubishana, alichuchumaa, akapiga makofi polepole, akamsifu mzee kwa jina la mnyama wa ukoo wake: "Tusaidie, Mukanya, nyani mkuu wa majabali!" Kifua kikamjaa mzee. Akalirudisha fuvu mwenyewe, akalibana ubavuni mwa fuvu la nyani.

"Hapo sipo, baba," Mai Gwatidzo akasema. "Linakaa na sokwe."

"Sokwe?" Mzee akamtazama kwa huruma. "Huyo si wa ukoo wetu."