Gololi Isifute

Kila asubuhi fundi saa mstaafu alikuwa huchekecha mchanga uliotandazwa juu ya meza yake kwa chujio la chai. "Chujio langu hilo!" hufoka mkewe. "Nalirudisha sasa hivi," hujibu, na halirudi. Chini ya meza sumaku ilizungushwa na mashine, na juu gololi ya chuma iliifuata ikichora maua mchangani. Kuyagusa ni marufuku. Hata wajukuu huyatazama mikono nyuma. Siku moja alikuwa uvunguni akitia mafuta magurudumu ya mashine, mkewe akamwita anywe chai mara tatu, wapi! Basi mke akaandika kwa kidole katikati ya ua mojawapo: "Chai imepoa, mzee wangu." Fundi akatoka, akasoma, akanyoosha mkono upesi kuzima mashine kabla gololi haijafika pale. Meza haijawashwa tena. Ukimuuliza, atakwambia bado anaitengeneza.