Mkwe hakuutaja ugonjwa, alichonga jiwe

Saa mbili asubuhi, kijijini Tabaka, Kisii. Beverlyne Nyamoita ameketi kwenye kigoda nyuma ya beseni la maji, twiga wa jiwe akiwa katikati ya magoti yake. Anampiga msasa taratibu, anamchovya majini, anampiga tena. Chini ya leso aliyojifunga tumboni kuna kitu kimetuna.

"Wageni huniuliza kama ni mimba," anasema na kucheka kidogo. "Nawaambia ni jiwe. Wanadhani nawafanyia mzaha."

Si mzaha. Ni jiwe la sabuni, lile laini linalochongwa hapa, bapa, limepashwa moto kando ya jiko na kuviringishwa kitambaa. Leo ni siku ya pili ya hedhi yake, na bila jiwe hilo asingeweza kuketi hapa.

Nyamoita, mwenye umri wa miaka 31, ana endometriosis. Katika ugonjwa huu, tishu zinazofanana na za ndani ya mji wa mimba huota nje yake, na kila mwezi huvimba na kuuma. Adhabu ya kaburi aijua maiti. Tangu akiwa msichana kwao Kenyenya, alikuwa akijikunja kitandani huku akiambiwa ndivyo wanawake walivyo.

"Waliniambia ati nikizaa itaisha," anakumbuka. "Sasa nikaolewa, na mtoto akakosa kuja. Uchungu ukabaki pale pale."

Katika kazi hii mtu hulipwa kwa kipande. Kipande kidogo humpa shilingi ishirini, na siku ambayo hawezi kukaa hapati kitu. Majirani walimwita mvivu. Shangazi za mumewe, Obwocha, walinong'onezana kwamba kijana amejiolea maradhi, heri arudishwe kwao mapema.

Nyamoita aliyasikia yote hayo. Akawa analala akiwaza siku atakayoambiwa afunge mizigo yake.

Angemwambia nani? Kwa Wakisii kuna chinsoni, desturi ya heshima na haya, na mambo ya mwili wa mwanamke hayatajwi mbele ya baba mkwe hata kwa fumbo. Mzee Onsongo, mkwe wake na mchongaji wa siku nyingi, akimwona amejiinamia alikuwa anageuka na kushika njia nyingine.

"Nilifikiri ananichukia," asema Nyamoita. "Iliniuma kuliko tumbo."

Lakini chinsoni haimfungi bibi mdomo. Nyakerario, mama yake mzee Onsongo, ana ruhusa ya kutania na kuuliza lolote, na aliuliza. Nyamoita alilia mapajani pake mpaka machozi yakakauka. Kisha bibi huyo akamwita mwanawe.

"Sikumwambia ugonjwa," Nyakerario anasimulia, macho yakimcheka. "Nilimwambia mkamwana wako anahitaji joto. Hiyo mikono ya kuchongea Wazungu twiga, imeshindwa na kajiwe ka mtu wa nyumbani?"

Mzee alichagua jiwe lisilo na ufa, akalichonga likiwa na mbonyeo kidogo ili likae vizuri mwilini, akalilainisha mwenyewe. Akaliweka kwenye kigoda cha mama yake, akakohoa, akaenda zake.

Tulipomuuliza, alitazama pembeni. "Mambo ya hospitali mimi sijui. Mawe ndiyo najua. Jiwe hili likishika moto haliachi haraka."

Jiwe haliponyi, na Nyamoita analijua hilo. Obwocha alimpeleka kwa daktari wa wanawake mjini Kisii, na huko ndiko maumivu yake yalipopata jina. Sasa anameza vidonge vya homoni, na Agosti atafanyiwa upasuaji. Daktari hakumficha: ugonjwa unaweza kurudi, na mtoto anaweza kuja au asije.

Habari hiyo ndiyo iliyowaleta shangazi wawili Jumapili moja. Walikunywa chai, wakazunguka mbuyu, hatimaye wakasema: Obwocha atafutiwe msichana mwingine. Nyamoita alikuwa jikoni, sufuria mkononi, akisikia kila neno.

Mzee Onsongo aliwasikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akachukua kamba na vigingi, akatoka hadi kiwanja kilicho karibu na migomba, akaanza kupima msingi.

"Unajenga nyumba ya nani?" dada yake mmoja akamuuliza.

"Ya Nyamoita."

Kwa Wakisii nyumba huitwa kwa jina la mke, na mzee hawezi kulitamka jina la mkamwana wake kimchezo. Shangazi walimaliza chai yao, wakaaga. Jikoni, Nyamoita aliketi sakafuni akalia kwa furaha.

Mpango wake ni afanyiwe upasuaji, apumzike, kisha arudi kazini. Bado anamwomba Mungu ampe mtoto, kila Sabato.

"Na asipokuja?" tunamuuliza.

Anaashiria kwa mdomo kuelekea migombani, ambako kuta za nyumba yake zimefika madirishani.

"Nitalia," anasema. "Lakini nitalia nikiwa kwangu."