Picha ya Korongo Niliyoifuta

Admin, naomba ufiche jina langu kabisa, maana wengi wa kundi letu wanafuata ukurasa huu. Mimi ni dada wa miaka 29, fundi wa nguo hapa Oyugis. Nina hofu hadi mashine ya kushona imenishinda.

Miaka mitatu iliyopita nilijiunga na kundi la mtandaoni la maelfu ya watu wanaopenda kutazama ndege. Humo nikapata rafiki anayeishi Sori, kule kando ya ziwa, nitamwita Ochi. Hakuwa mpenzi wangu, msianze. Alikuwa mtu wa kukutumia sauti za ndege dakika tatu nzima, halafu akuulize umesikia wangapi. Kaka zake walimcheka kwamba ameoa matete. Alikuwa na sharti moja: kiota chenye makinda hakitajwi kilipo, kwa sababu kuna watu wanaiba makinda ya korongo wakauze.

Mwezi jana nilienda Sori kumwona shangazi. Ochi akanipeleka kwenye kinamasi, akanionyesha kwa mbali kiota cha korongo, wale wenye taji la dhahabu kichwani. Makinda mawili. Furaha ikanipanda, nikaweka picha kundini mchana huo huo ili nisifiwe. Sikujua simu yangu mpya inaambatanisha ramani ya mahali picha ilipopigwa.

Kesho yake asubuhi, nikiwa nimesharudi Oyugis, akanipigia. "Dada, picha yako imetoka na ramani. Kuna watu wawili hapa na pikipiki, wanauliza njia ya kinamasi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nikamwambia, "Wakimbilie basi uwazuie, mimi nafuta."

"Sawa, niko njiani."

Nikafuta. Yeye akaingia kwenye matete akakutana na kiboko, akamshambulia. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitali. Mimi ndiye niliyemwambia akimbie.

Sasa kundi zima linaomboleza, na mtu mmoja ameandika kwamba aliiona ile picha kabla haijafutwa, anajaribu kukumbuka ilitumwa na nani. Kaka mkubwa wa Ochi naye amesema akimjua aliyempeleka ndugu yake huko, hatamwacha salama. Simu ikilia naigeuza kifudifudi.

Jana ililia, nikapokea, kumbe ni mama yake, akaniita binti kwa Kiluo. "Nyara, binti yangu, wewe ndio alikuwa anatuambia juu yako kila siku. Jumamosi kwa mazishi kuja utusemee juu ya hizo ndege zake. Na utuambie alikuwa anafuata nini huko asubuhi hiyo. Sisi hatujui, na mimi najiuliza tu hiyo."

Nikasema, "Nitakuja, mama."

Ndugu zangu, nipeni ushauri, kichwa changu kimegoma. Nimwite mama kando nimweleze yote, halafu kaka zake wanifanye watakavyo? Au nisimame karibu na jeneza nisifu ndege, huku mama akinitazama mdomoni akingoja jibu lake? Nitukaneni mkitaka, lakini nijibuni kabla ya Jumamosi.