Soma Tena Avua Miwani

Dada yangu ni mfamasia wa hospitali, na wauguzi wamembatiza Soma Tena. Daktari akiandika dawa, dada huisoma, huisoma tena, na mwandiko ukimshinda hupiga simu wodini hata kama foleni dirishani imeanza kunung'unika. Wagonjwa humsonya. Lakini hakuna aliyewahi kuondoka pale na dozi isiyo yake.

Tabia hiyo hiyo ndiyo iliyomwangusha kwenye mtihani wa kujiunga na shahada ya uzamili. Mara ya kwanza, karibu kila alichojibu kilikuwa sahihi, ila muda ulimwishia akaacha maswali kibao hayana jibu. Nilipomuuliza kwa nini hakubofya chochote, alinitazama kana kwamba nimemtuma akaibe.

"Nijibu nisichokijua?"

"Dada, mtihani huu haukati alama ukikosea! Ukiacha wazi, umekosa. Ukibahatisha, huenda ukapata."

"Mimi nikibahatisha, mtu anazikwa."

Nilichemka. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na tulipokaa jikoni kwake kujiandaa kurudia mtihani, sikuwa namfundisha hesabu, maana anaziweza kuliko mimi. Nilikuwa namfundisha kuacha. Swali likikung'ang'ania, weka alama, songa mbele, utarudi. Muda ukikaribia kwisha, jaza yote yaliyobaki bila kufikiri. Aliitikia kwa kichwa, kisha saa ikilia namkuta bado anapigana na swali lile lile, kalamu mdomoni. Ana kichwa kigumu huyu, asikwambie mtu!

Safari hii ndiyo ilikuwa ya mwisho. Chuo kilikuwa kinafunga maombi wiki hiyo, na mwakani angekuwa amevuka umri wa kupewa ufadhili. Akikosa, basi tena.

Nilimsindikiza. Chumba cha mtihani kilikuwa na ukuta wa kioo, na kutoka kwenye viti vya kusubiri nilimwona ubavuni, mkono wa kulia juu ya kipanya cha kompyuta. Skrini sikuiona, ila mkono niliuelewa. Ukitembea, anajibu. Ukitulia, amenasa.

Sehemu ya hesabu ilikuwa ya mwisho. Mkono ulianza vizuri, kisha ukatulia. Saa ya ukutani ikaenda, mkono haukwenda. Nikasimama.

"Mama, kaa chini, utawasumbua," mlinzi akasema.

Nikakaa, nikasimama tena. "Liache hilo," nikawa nakiambia kioo. "Liache, liache, liache."

Mlinzi naye akaja kuchungulia. "Ni nani wako yule?"

"Dada yangu."

"Mbona kama amelala?"

"Hajalala. Anasoma."

Zilibaki sekunde chache. Ndipo dada akavua miwani, akaiweka mezani. Bila miwani haoni maandishi. Huona ukungu na viduara vya kuchagulia jibu tu. Kidole kikaanza kugonga, haraka haraka, bila kutua, mpaka msimamizi akainua mkono na muda ukaisha. Mlinzi akashusha pumzi kabla yangu.

Alitoka na karatasi ya alama. "Nimefikisha," akasema. "Kwa kuponea chupuchupu."

Nikapiga kelele, mlinzi akaniambia shii huku anacheka. Dada hakucheka.

"Yale ya mwisho sikuyasoma. Nilivua miwani makusudi, nisije nikaanza kuyasoma."

"Nilikuona."

"Sasa kama ndiyo yaliyonipitisha? Alama zangu ni zipi hapa?"

Nikamwambia zote ni zake, lakini hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anajaribu kuvaa miwani, na kila akiipeleka usoni inamkosa sikio. Nikamnyang'anya, nikamshika mikono yote miwili. Mikono ile inayohesabu vidonge kutwa bila kudondosha hata kimoja ilikuwa imeshindwa kufikisha miwani sikioni.