Saa ya Kufika Masalani

Wenzangu kazini walinicheka nilipolinunua gari lile. Garissa, walisema, ukitoka soko la mifugo ukapita mbele ya maofisi umefika darajani. Sasa mtu mwenye akili timamu ananunuaje gari lenye mtambo wa kumwonyesha njia? Niliwajibu kwamba mimi ni mhandisi wa maji, nimesimamia visima kutoka Ijara hadi Kutulo, na kwa miaka niliyorushwa kwenye pikapu za serikali mgongo wangu una haki zake. Wakakubali, ila wakaendelea kucheka. Gari lilikuwa hata na kitufe cha kupasha kiti joto, jambo ambalo Garissa ni karibu na matusi. Hicho sikukitetea.

Lakini mtambo wa njia niliutetea mbele ya kila mtu. Katikati ya dashibodi kulikuwa na kioo kipana, na ndani yake ramani, na ndani ya ramani gari langu, mshale mdogo usiotulia. Barabara iliyo wazi ilikuwa ya buluu. Penye foleni ilibadilika ikawa ya machungwa, kisha nyekundu, na habari hizo zilikuja papo hapo, zikikusanywa kutoka kwa magari na simu za watu waliokuwa barabarani saa hiyo hiyo. Pembeni, kwa tarakimu kubwa, iliandikwa saa ya kufika. Hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko yote. Nimekulia kwa watu ambao mgeni akisema atakuja kesho, inshallah, kesho hiyo ina mlango mpana. Mimi nilitaka dakika, na mtambo ulinipa dakika.

Aliyenilea ni habaryar wangu, yaani mama mdogo. Mama mzazi alifariki nikiwa bado natambaa, na mdogo wake akanichukua, akanifunga mgongoni, akaendelea na kazi zake. Alikuwa mfupi na mkali, na aliishi nje kidogo ya Masalani akiwa na mbuzi wake na kishamba cha mahindi upande wa mto. Aliuza mbuzi ili nisome, na ndugu zake walipouliza msichana anapelekwa wapi na masomo hayo yote, aliwaambia waulizie mbuzi wao. Miaka miwili kabla ya siku ninayoisimulia, nilikuwa nimeketi naye mkekani namkata kucha, akasema bila kuinua macho, "Nilikuosha ulipokuwa mchanga. Nikifa, wewe ndiye utaniosha." Nikasema ndiyo. Wosia wa namna hiyo kwetu haujibiwi kwa maneno mengi. Ukishaukubali, unabaki nao.

Basi siku aliyofariki nilikuwa Nairobi kwa mkutano. Simu ya abti, mjomba wangu, iliita nikiwa ndio kwanza nimemaliza swala ya alfajiri. Kwetu mjomba na mpwa huitana kwa neno hilo moja, kwa hiyo aliposema, "Abti," halafu akanyamaza, nilijua. Nikasema inna lillahi, naye akaitikia.

Kisha nikaanza kupanga, maana ndivyo nilivyo. Maiti haikai. Aliyefariki alfajiri huoshwa asubuhi na kuzikwa adhuhuri, na hakuna anayeuliza nani hajafika. Nilijua kwamba ninachotaka kuomba ni kizito, lakini niliomba. "Abti, msimwoshe mpaka nifike. Mningoje mpaka alasiri tu."

"Uko mbali, abti."

Nilikuwa tayari ndani ya gari. Niliandika Masalani kwenye kioo, mstari wa buluu ukajichora kutoka Nairobi ukateremka hadi kwetu, na pembeni pakatokea saa. "Saa tisa na dakika ishirini," nikamwambia. "Kabla ya adhana ya alasiri nitakuwa mlangoni."

"Haye," akasema, yaani amesikia. "Endesha polepole."

Nilitoka na uchungu kifuani, sikatai, lakini uchungu ule ulikuwa na kazi ya kufanya, na kazi niliijua. Barabara ya Thika ilikuwa inaanza kujaa. Sijafika mbali kioo kikaonyesha kipande kirefu chekundu mbele yangu, na sauti ya mwanamke wa Kizungu, isiyo na haraka wala huruma, ikaniambia nitoke kushoto. Macho yangu yalikuwa hayaoni foleni yoyote. Magari yote yalikuwa yakienda vizuri. Nilitoka hata hivyo, nikazunguka nyuma ya magodauni, nikapita vichochoro ambavyo singevijua maisha yangu yote, na nilipopandishwa tena barabara kuu niliangalia kwenye kioo cha nyuma nikaona magari yamesimama mpaka upeo wa macho, kumbe lori lilikuwa limelala barabarani. Niliwaonea huruma waliokwama, halafu nikakanyaga mafuta.

Mwingi nilisimama kununua maji, nikapiga simu. "Nimeokoa dakika kumi," nikamwambia abti. "Saa tisa na dakika kumi sasa."

"Haye, abti. Umekula chochote?"

Sikuwa nimekula. Alinisisitiza nile, nami nikala maandazi mawili nikiendesha, nikijisifu moyoni. Nilikuwa nawaza sanda, ubani, nani atanishikia birika. Nilijikumbusha utaratibu wa kuosha, upande wa kulia kwanza, kama mwanafunzi anayesubiri mtihani. Nilimwosha kichwani mwangu mara tatu kati ya Mwingi na daraja la Garissa, na kila mara nilifika mwisho bila kukosea.

Garissa nilijaza mafuta. Mhudumu wa pampu, mtu mzima anayenijua kwa sura, aliuliza naelekea wapi, nikamwambia.

"Mama, leo gari ya Masalani hakuna imeingia," akasema. "Bus ya subuhi kawaida nafika hapa saa nne. Mpaka sahii hatujaona."

Nilimwonyesha kioo. Mstari ulitoka Garissa ukashuka sambamba na mto Tana, buluu tupu, bila doa jekundu hata moja. "Ona mwenyewe. Njia ni safi."

Aliinama dirishani, akatazama kwa makini kama anayesoma cheti cha daktari. "Ni safi sana," akasema. "Hata mtu hakuna."

Nilicheka. Leo nikikumbuka kicheko kile, naona aibu. Lakini wakati ule mtambo ulikuwa umenitoa mkiani mwa lori lililolala, na yeye alikuwa anabahatisha kwa sababu basi moja limechelewa. Nilimshukuru nikaondoka. Saa ilisema tisa na dakika nane.

Kuna jambo ambalo madereva wote wa huku hulifanya, na mimi nimelifanya tangu nijue kushika usukani. Ukikutana na gari, mnapunguza mwendo, dirisha kwa dirisha, mnapeana habari: mvua imenyesha wapi, njia iko vipi, kizuizi kiko wapi, nani kaharibikiwa. Hata mtu wa ngamia utamsimamia, na yeye ndiye mwenye habari nyingi kuliko wote. Ukikaa saa nzima bila kukutana na gari, unajua kuna kitu, kwa sababu njia iliyo hai haikosi watu. Mtoto wa huku anajua hilo. Mimi nilijua hilo. Na niliendesha zaidi ya saa nzima kutoka Garissa bila gari hata moja kunijia mbele, na, nitasema ukweli, nilifurahi. Nilifurahi kwamba hakuna wa kunipunguza mwendo. Mchungaji mmoja, mwenye ng'ombe wachache, aliinua fimbo pembeni mwa barabara kama anayetaka kusema neno, nikampungia mkono nikapita.

Ndipo nikafika kwenye laga.

Mwaka mzima laga ile ni mchanga tu, unaivuka bila kukumbuka kwamba umeivuka. Siku hiyo ilikuwa imejaa kutoka ukingo hadi ukingo, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakibeba matawi na uzio mzima wa boma la mtu. Upande wangu kulikuwa na malori matatu na pikapu moja. Watu walikuwa wameketi kwenye kivuli cha malori, wametulia, kwa namna ya watu walioketi tangu asubuhi. Ng'ambo niliona basi la Masalani na abiria wake nao wameketi. Nilitazama kioo. Mstari wa buluu ulikatiza katikati ya maji yale bila wasiwasi wowote. Saa tisa na dakika nane.

Mtambo haukusema uongo. Ulikuwa unauliza magari yaliyo njiani, na njiani hapakuwa na gari linalotembea la kuulizwa. Lakini mimi nilikuwa na watu wa kuuliza, na sikuwauliza.

Dereva mmoja wa lori, mzee wa makamo mwenye kikoi, alikuja dirishani. "Sister, hii maji imekuja tangu usiku. Mvua imebiga huko juu."

"Itapungua saa ngapi?"

"Labda kesho subuhi. Allah ndio najua."

Niliuambia mtambo unitafutie njia nyingine. Ulitaka nirudi mpaka Garissa, nivuke daraja, niteremke upande wa pili wa Tana kisha nitafute pa kuvukia tena, na saa ya kufika ikawa usiku. Niliufuta. Nikatazama maji. Maji ndiyo kazi yangu; najua kwamba yakifika magotini na yana kasi hulisukuma gari, na yakifika kiunoni hulichukua. Nimeyaandika hayo katika ripoti, na nimewafokea vijana wa ofisini kwa kutoyaheshimu. Pamoja na hayo niliingiza gia, nikasogea mpaka magurudumu ya mbele yakalowa. Nilikuwa namwona habaryar amelala amefunikwa, wanawake wameketi pembeni, birika limejaa, wote wakitazama mlango kwa sababu mimi nimewapa dakika.

Yule dereva alikuja akasimama mbele ya boneti, ndani ya maji, mikono yote miwili kwenye gari langu. Hakupiga kelele. "Rudi nyuma, walaal," akasema, akiniita ndugu yake. "Rudi."

Nilirudi. Nilikuwa na hasira, na sikujua hasira hiyo niielekeze wapi. Lakini jambo moja lilikuwa limeshakuwa wazi, na mimi jambo likiwa wazi silizungushi. Maiti ya watu ilikuwa inateseka kwa ajili ya neno langu. Nilipiga simu.

"Abti," nikasema, "msinisubiri. Mwosheni. Mzikeni. Nimeshindwa kufika."

Aliuliza, "Gari limesimama?"

"Limesimama. Laga imejaa."

"Uko nje ya maji, au umo ndani?"

"Nje. Niko nje."

"Zima injini, abti."

Nilizima. Kioo kikazima nacho, saa ikapotea, nikasikia maji na mbuzi waliokuwa kwenye mojawapo ya malori.

"Tulimzika adhuhuri," akasema.

Sikumbuki yote niliyomwambia. Nakumbuka nilipaza sauti kwa mjomba wangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada. Nilimuuliza kwa nini aliniacha niseme dakika hizi na zile, wakati alishajua hatanisubiri. Nilimwambia alinidanganya. Alinisikiliza mpaka pumzi zikaniishia, naye akajibu kwa upole uleule wa asubuhi. "Sikukuambia tutakungoja. Wewe ndiye uliyesikia hivyo."

Ni kweli. Nilirudia maneno yake yote kichwani, na ndani yake hapakuwa na ndiyo hata moja.

"Nani alimwosha?" nikauliza.

"Binti zangu. Waliosha vizuri."

"Aliniusia mimi."

"Najua. Juzi alipozidiwa aliniita. Alisema, 'Kama yuko mbali, msimngoje, na mwambieni ile kazi niliyompa nimemtua. Ila huyo namjua, atakuja mbio. Msimwambie kwamba nimezikwa mpaka gari lisimame.'"

Nililia pale pale, mhandisi mzima, paji la uso kwenye usukani. Dereva wa lori alikuwa bado amesimama karibu na suruali yake imelowa mpaka mapajani. Aligeuza uso akatazama maji, na hakuondoka.